Mkoba wa Mabatini

Mkoba unakaa kwa Nkwimba, fundi cherehani,
umening'inia juu ya magauni ambayo wenyewe hawajaja kuyalipia.
Ndani mna glavu, bandeji, mkasi,
na tochi isiyowaka mpaka uigonge.

Simu ililia saa nane usiku.
Huku mlimani gari la wagonjwa halifiki,
linaishia kwenye lami, linamulika mawe.
Tukapanda, Nkwimba kavaa buti za mumewe.

Malimi alilala kati ya madebe ya dagaa.
Nikabandika viganja kifuani
kama tulivyofundishwa pale shuleni
juu ya mdoli asiye na miguu.
Thelathini. Pumzi mbili. Thelathini.
Jasho langu likamdondokea shingoni.
Mwanawe aliishika tochi, akaigonga,
akaigonga.

Tulimshusha juu ya mlango ulion'golewa bawabani,
watu sita, jiwe kwa jiwe, ziwa jeusi chini yetu.
Bugando hakufika.

Matanga hayajaanuliwa, mjane kaja kwa fundi,
kafungua pindo la kanga:
sarafu mbili za mia tano.
"Za betri," alisema.
Akautazama mkoba.
"Na mniandike. Miguu ninayo."