Vifungo

Kibanda changu ni cha nne, soko la Jericho,
kati ya muuza zipu na mama wa chapati.
Nimeshona sare za shule tatu, majoho ya kwaya,
suti ya bwana harusi aliyenilipa nusu.
Vifungo navijua. Nakikaza kimoja gizani
stima ikipotea, huku nikiongea na mteja.

Lakini neno hilo lina mlango wa nyuma:
kifungo ni cha shati,
na kifungo ni cha Kamiti.
Miaka sita nilimpa binti yangu hicho cha pili.

Sikumpiga. Nilimfungia.
Nilitoka alfajiri, nikazungusha ufunguo mara mbili,
nikamwachia uji, redio na ndoo.
Majirani wakiuliza, nilisema yuko Webuye kwa nyanyake.
Nyanyake tulikuwa tumeshamzika.
Nasimiyu alikuwa nyuma ya pazia, akiitikia redio.

Kerubo wa afya ya jamii alikuja kuhesabu vyandarua.
Akasikia mtu akiimba
katika nyumba niliyoapa haina mtu.
Hakunigombeza. Aliandika kitu daftarini, akafuta, akasema:
"Jumamosi, ukumbi wa kanisa, saa nne.
Njoo naye. Na kikombe chako."

Nilidhani ni mahubiri.
Nilikuta kina mama kumi na mmoja
na mwanamume mmoja, bawabu, katoka zamu ya usiku,
analala wima, mtoto mgongoni.
Hakuna aliyeuliza ni nani aliyemroga.
Waliuliza: moyo umepimwa?
Masikio, yote mawili yanasikia?
Wakalitamka jina la hali yake, Dauni,
kama mtu anayetaja mtaa anakokaa.
Nami sikuwa na jibu hata moja.
Baba mzima, sina jibu.

Kila mwezi tunatoa mia mia.
Mwezi ule zamu ilikuwa ya Syombua,
mwanawe ana tundu moyoni,
"dogo, kama la kifungo," daktari alimwambia.
Nikatazama kidole changu cha shahada,
kilichopitisha maelfu ya vifungo kwenye maelfu ya matundu,
nikanyamaza.
Pesa hazikutosha. Tulizihesabu upya
kana kwamba noti huzaana zikishikwashikwa.
Mtoto alingoja hadi Agosti.
Yupo. Siku hizi anauma watu.

Kisha wakanigeukia: nawe, fundi, umekuja na nini?
Nikaenda Gikomba, nikanunua koti la mitumba
si kwa ajili ya koti.
Niling'oa vifungo vyake, vikubwa kama sarafu ya ishirini,
nikavishona kwenye kitambaa cha jinzi, matundu mapana,
nikaketi sakafuni na watoto tisa.
Mmoja alivilamba. Mmoja alilia.
Nasimiyu alikitazama kimoja saa nzima
kama anayesubiri kijitambulishe.

Leo ni Jumatatu. Ana miaka kumi na mitano.
Gauni la buluu, vifungo sita mbele, nimelishona mwenyewe,
na ningeweza kutia zipu.
Kina mama walinikataza zipu.

Chai imefurika jikoni.
Mteja amepiga simu, mara ya pili hii.
Amesimama mlangoni, ncha ya ulimi nje, anasaka tundu.
Cha kwanza kimepita.
Cha pili kimehamia kwa jirani; amekiona, amekivuta,
amekirudisha kwake kwa matusi madogo
ambayo hakuyatoa kwangu, ni ya redio.

Mikono yangu, ambayo ingemaliza kazi hii kwa pumzi moja,
nimeikalia.

Mlango u wazi. Mama wa mkaa anapita, anamsalimu kwa jina.
"Baba, ngoja."
Nangoja.
Kimebaki kimoja.