Upande wa Kulia

Ngaire Kirkness alikuja na bati la biskuti,
akalitua juu ya meza yangu ya kushonea
kama mtu aliyebeba sufuria bila kitambaa.
Nje, Oamaru ilikuwa na upepo wake wa Aprili,
ule unaokwangua unga wa mawe kwenye kuta nyeupe.

Ndani ya bati: nishani tatu, misumari ya inchi mbili,
risiti ya trekta, jino la mtoto.
Tepe zilikuwa zimeliwa na nondo hadi kubaki nyuzi za katikati.
“Za baba,” alisema. “Hakuwahi kuzivaa.
Alizichanganya na misumari ili asizitafute.”

Nikakata utepe mpya, zambarau wenye kingo za kijani,
milimita thelathini na mbili. Si thelathini. Si “karibu hapo.”
Nishani yenye heshima kuu hukaa jirani na vifungo vya koti,
nyingine hufuata zikielekea kwapani;
mkubwa aonekane mzima, wadogo wamchungulie begani.
Nao vibanio husomwa kutoka chini, kama ngazi:
Borneo kwanza, kimegusana na fedha,
Rasi ya Malay juu yake.
Na hili jani la shaba, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
hupewa aliyetajwa jina katika barua ya mkuu wake.
“Alifanya nini?” nikauliza.
“Alituambia habari za mvua tu.”

Kisha swali ninalomuuliza kila mteja,
nikitazama sindano, si uso:
upande upi?
Mwenyewe huvaa kushoto, juu ya moyo.
Mwana, mjane, mjukuu huvaa kulia
(na neno limeshajieleza, sina la kuongeza).

Alikaa kimya. Nilimaliza kuzungusha uzi mara tatu.
“Yu hai,” alisema. “Lakini hayupo.
Ananiita kwa jina la mbwa wetu wa zamani.
Zishone tu. Usizibane kwenye ubao.
Acha zining'inie, zigongane.”

Wengi hutaka zikae kimya, zimekazwa, bapa kama picha.
Nikamwonya: zitachubuana, nyuso zitafutika.
“Acha zifutike.
Jana nilizitikisa ndani ya bati,
akageuza kichwa.”

Basi nikaziacha huru.

Simu ililia usiku wa tarehe ishirini na tatu,
saa ambayo pengwini wadogo hupanda kutoka baharini
wakigombana chini ya sakafu za watu.
Hakusema amefariki. Alisema:
“Hamisha.”

Nilikaa na kile kipande mapajani, taa imewaka.
Nikatafuta cha kuhamisha.
Pini ni ileile. Mpangilio ni uleule,
Borneo chini, Rasi juu, jani limelala pembe ileile.
Sikufumua hata uzi mmoja.
Miaka thelathini na moja katika kazi hii
na sikuwa nimeliona hilo:
kinachobadilika ni kifua.

Asubuhi alikuja na koti la baba yake, mikono imekunjwa mara mbili.
Yeye hutumia mkono wa kushoto,
pini ikamtii mara ya kwanza.
Akasimama mbele ya kioo changu, kile chenye ufa pembeni,
na yule wa ndani ya kioo
alikuwa amezivaa kushoto,
juu ya moyo, kama mwenyewe.

Aliinama kidogo, ili zilie.
Sote wawili tukageuza vichwa.

Bati bado liko kwangu, hajalifuata.
Misumari nimetumia miwili, kukaza kile kioo.
Jino sijaligusa.