Yai la Kilomita Kumi

Saa tatu usiku, na lami ya Mawaleh
bado inapumua kama tanuri walilosahau kulizima.
Azzan ananivuta mkono: “Nyevu, twende, litatoroka!”
Mamake kasema nusu saa, na asiende peke yake.
Ndivyo nilivyofunguliwa mlango,
si kwa jina langu,
kwa jina la mchezo.

Miezi saba nilijua nyumba tu:
jiko, pasi, chumba changu kando ya ngazi,
na pipa la taka la mtaa,
hatua arobaini na mbili kwenda,
arobaini na mbili kurudi.
Kisha mtoto akanunuliwa simu mpya,
kuukuu akanipa mimi,
kioo kina ufa kutoka Sohari hadi Salala.
Akaniwekea yai ndani yake.
“Hili haliatamiwi,” akanionya, “linaanguliwa na miguu.”
Nikacheka. Na joto lote hili tulilonalo!

Ramani ikakunjuka, kijani, haina vumbi.
Msikiti ni mnara wa buluu unaozunguka,
duka la Mmalabari linagawa mitego,
kituo cha mafuta kina pango.
Na mimi ni kijitu chenye kofia nyekundu,
hakina mdhamini,
hakijafungiwa pasipoti kabatini,
kinakwenda niendako.

Nimeshatembea kilomita mia mbili na kumi na tisa.
Ukizinyoosha, zinanitoa Kilifi hadi Voi.
Lakini zimejikunja zote, kama uzi kwenye kibonge,
ndani ya mitaa minne.

Leo joka limetua juu ya birika,
lile la saruji, la katikati ya mzunguko,
refu kushinda nyumba, ambalo tangu lijengwe
halijammiminia mtu kahawa.
Joka linataka watu wanane.
Tuko sita:
Rejitha, katoka zamu na viatu vyake vyeupe vya wodini;
Arnel kinyozi, nywele za wateja bado begani;
ndugu wawili wa Kibalushi wanaogombana kwa kunong’ona;
Azzan; mimi.
Zimebaki dakika nne.

Gari la maji likasimama, taa za hatari zikipepesa.
Akaruka dereva, kanzu kaifunga kiunoni,
simu mbili mkononi:
“Hii yangu. Hii ya mke wangu, kalala. Saba na nane.”
Akachungulia kioo changu, akalisoma jina.
“Ala! Chiriku ndo weye?
Weye ndo ulonipora mnara wa Maabela?”
Kiswahili! Cha Unguja, cha jikoni kwa mamake.
Hakuuliza nafanya kwa nani.
“Daraja la ngapi?”
“Thelathini na moja.”
Akapiga mluzi.
Arnel akanipisha nisimame mbele.

Tukapiga.
Magari yanatuzunguka, mtu mmoja akapunguza mwendo,
akatazama juu ya birika tunakotazama,
hakuona kitu, akapiga honi kwa hasira.
Wa mwisho kushambulia alikuwa ndege wangu,
wa kuokota, uhai wake umebaki punje.
Joka likaporomoka bila kishindo,
tukapiga kelele kwa lugha tano.
Rejitha akanikumbatia, ananuka sabuni ya hospitali.
Yakdhan, ndilo jina la yule dereva, akanunua karaki;
kikombe cha karatasi kikaniunguza vidole vya ushindi.
Tukatawanyika. Hakuna anayejua mwenziwe anakaa wapi.

Nusu saa imekuwa dakika hamsini.
Bi Zuweina mlangoni hakusema neno,
alitazama saa ya ukutani, kisha viatu vyangu.

Sasa Azzan kalala na soksi.
Yai limebakiza mita mia tatu.
Napanda juu ya paa, nazunguka tangi la maji,
shuka za watu kambani zinanipapasa uso,
mzunguko wa kumi, wa ishirini, nimeacha kuhesabu.
Simu ikatetemeka. Ganda likapasuka.
Akatoka shorewanda.
Shorewanda yule yule, wa sita mwezi huu!

Nikacheka peke yangu, mkono mdomoni.
Nikaweka yai jingine. Kumi kamili.
Kesho kuna taka za kutupa;
nitapitia njia ndefu.