Ambatanisha Kivuli

Steshenari ya Mtaa wa Makunganya
wanatoa kivuli kwa shilingi mia.
Leo nimetoa vivuli kumi na vinne:
vya kitambulisho, vya kiapo, vya cheti cha daktari wa masikio,
na kimoja cha ukurasa wa daftari la makao
ambao wakili aliupigania miaka sita.
Karatasi zilitoka za moto. Nikazikumbatia
kama maandazi.

Lifti imekufa. Tumepanga foleni ngazini,
watu wazima, wenye mvi, wenye vitambi,
mmoja amekuja na sare yake ya ulinzi.
Hatutazamani usoni. Tunatazamana mikono,
maana mikono ndiyo tuliyokuwa tukijuana:
nani aliungua jikoni, nani alikatwa na bati.

Karani ni binti mdogo, mpole, kucha za zambarau.
"Tarehe ya kuzaliwa?"
Mosi Julai, akasema Lukelo.
Mosi Julai, akasema Anyelwisye.
Mosi Julai, mimi.
Akainua macho. "Wote?"
Wote, mwanangu. Mama Mlezi hakuwa na muda
wa kutuzaa mmoja mmoja.
Ngazi nzima ikacheka,
na mwenye sare akacheka hadi akajifuta macho kwa kofia.

Fomu ina adabu sana.
Haiulizi nani alikupiga, inauliza "chanzo cha dhara".
Haijui stoo ya maharage, wala panya;
inataka "muda, kwa saa".
Sikio la kushoto, daktari kaandika asilimia arobaini.
Nami nikaandika arobaini.
Kama ni arobaini, nikajisemea,
basi na tuanue matanga.

Kwenye jina ndipo nilipokwama.
Kitambulisho kinasema Siwatu, jina nililojipa mwenyewe
nikiwa na miaka kumi na tisa.
Daftari linasema Neema wa Tisa,
kwa kuwa akina Neema wanane walinitangulia.
"Lazima uape kwamba hawa ni mtu mmoja," alisema wakili.
Nimeapa. Kamishna akagonga muhuri, elfu kumi,
na bado sina hakika.

Mashahidi wawili. Lukelo, sawa.
Wa pili ningemwandika Tumsifu,
aliyekuwa akinipenyezea ukoko chini ya mlango wa stoo,
vipande vyembamba, alivibapa kwa goti kwanza vipite.
Tumsifu yuko makaburini Temeke.
Walikuwa wakituambia, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
Ulimwengu wetu ulikuwa na geti,
na filimbi ya saa kumi na moja alfajiri.

Pesa nimeshazigawa kichwani kabla hazijafika:
ada ya Hidaya, bati za chumba cha uani, deni la kikoba.
Sioni haya. Zichukuliwe zote, zina kazi.

Ila kuna kisanduku cha mwisho,
"Maelezo mengine, kama yapo". Mistari miwili.

Nikakirudia kile kivuli cha daftari.
*Mtoto wa kike, takriban miezi tisa.
Ameletwa na polisi. Afya wastani.
Amefungwa kanga moja, nyekundu, chakavu.*

Rangi wameandika.
Uchakavu wameandika.
Maneno ya kanga hawakuyaandika.

Mtu aliyekuwa akijua kusoma aliishika,
akaikunjua, akaniondoa ndani yake,
akatazama pindo, kisha akaandika "chakavu".
Labda ilikuwa ya kuwachamba majirani tu.
Labda ilikuwa ya harusi. Labda ndiyo pekee aliyokuwa nayo.
Lakini ilisema kitu,
na mwisho wa kukisoma ilikuwa siku hiyo.

Basi nikaandika, herufi zikatoka nje ya mistari:
Naomba kujua ile kanga iliandikwa nini.

Binti wa kucha za zambarau akasoma. Akasoma tena.
"Mama, hili halina kipengele cha malipo."
Najua.
"Nigonge hivyo hivyo?"
Gonga.

Akagonga.
Akanipa kivuli.