Mguu Mrefu ni Upi?

Jumamosi, Yerevan, theluji imekuwa tope.
Nauza vipuri vya redio zilizokufa kabla sijazaliwa:
rezista kwenye vibweta vya kiberiti,
dayodi kwenye chupa za jemu,
na baba yuko kwenye kahawa yake ya nne.

Haykanush amerudi. Glavu moja, miwani miwili.
Anafungua leso: taa nyekundu,
ndogo kama punje ya komamanga, imeungua.

"Uliiunga moja kwa moja na betri?"
"Kwani taa huungwa na nini?"

Nampa rezista. Njano, zambarau, kahawia.
Nne, saba, sifuri moja: omu mia nne na sabini.
"Kwa nini wasiandike tu?"
Mwaka wa pili huu nasimama hapa; sijawahi kujiuliza.

"Na umeme uliozuiwa huenda wapi?"
"Unakuwa joto."
Anaishika kwa vidole viwili
kama anayepima homa ya mtoto.

"Mkondo je, unatoka wapi?"
Chanya kwenda hasi, nasema,
ila elektroni zenyewe hutoka hasi kwenda chanya.
"Basi mmoja wenu mwongo."
"Walikisia, bibi, kabla ya kuzijua.
Kisha wakaona uvivu kufuta."
Anacheka hadi miwani ya juu inaanguka.
"Marehemu mume wangu, akipotea njia,
aliapa ni barabara iliyohama."

Nyuma yake foleni. Mtu anakohoa kwa makusudi.
"Bibi, unatengeneza nini hasa?"

"Dada yangu Arpik, masikio yamefunga duka.
Nabonyeza kengele, nasimama ngazini, mkate unapoa.
Nataka kitufe kiwashe taa.
Lakini shingo yake nzito:
ikiwaka na kuzima papo hapo
atageuka akute ukuta.
Hamuuzi kitu cha kuifanya ingoje?"

Tunauza. Kapasita ya bluu, nene kama kidole gumba.
Hunywa kitufe kikiwa chini;
ukikiachia, hutema kidogo kidogo.

"Sekunde ngapi?"
"Mbili. Labda."

Palepale topeni anageuza kichwa, taratibu,
akiwa Arpik, akihesabu kwa midomo.
Moja. Mbili.
Kidevu hakijafika begani.

"Nipe mbili. Niziunge kwa mfuatano
au bega kwa bega?"

Yule wa kukohoa amekohoa tena.
"Kwa mfuatano," nikasema, mkono tayari kwenye chenji.

Nilimaliza kuhesabu dramu za watu watatu
ndipo jibu langu likanigeukia.
Kwa mfuatano ungojeaji hupungua nusu.
Sekunde moja. Ukuta.

Niliacha meza wazi, chupa za jemu na zote,
nikakimbia hadi kona ya wauza mazulia.
Alikuwa ng'ambo, basi likipita katikati yetu.
"Bega kwa bega!" nikapiga kelele.
"Bega kwa bega!"

Wanaume wawili wasiojuana wakatazamana.
Yeye akainua ule mkono wenye glavu, juu kabisa,
na mpaka sasa sijui
alikuwa amesikia, au alikuwa akiniaga.