Daftari la Aikande

Aikande amerudi Kiboriloni na darubini
ambayo kioo chake cha kushoto kina chumvi isiyotoka.
Miaka minne alihesabu nyangumi kule Mafia:
tarehe, saa, migongo mingapi, wanaelekea wapi.
Kasa aliwaandika pembeni, kwa penseli.

Mama anauliza: Hao samaki, uliwala?
Si samaki, mama. Wananyonyesha.
Kisu kikasimama juu ya ndizi.
Wananyonyesha? Humo humo majini?
Humo humo.
Basi ana kazi huyo, akasema,
akaendelea kumenya.

Alfajiri mawingu yamelala mpaka kwenye migomba.
Aikande yuko uani, sweta la kaka yake, miguu peku,
anangoja kama alivyofundishwa:
usitafute mnyama, tazama maji yote.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini
Kibo kikaibuka.
Mgongo mweupe, bila mvuke, bila mkia,
dakika tatu hivi,
kikazama.

Akafungua daftari.
Idadi: mmoja.
Uelekeo:
kalamu ikasita.

Umemwona? Sauti ya mama, toka jikoni, na moshi.
Nimemwona.
Ana mtoto?

Akageuzia darubini mashariki,
Mawenzi bado mawinguni.
Ngoja kwanza, mama.