Tope Ndani ya Kabureta

Cheche ipo. Nilianzia hapo:
plagi nikaiegemeza kwenye kichwa cha injini,
nikapiga kiki, ukaruka uzi wa buluu, mwembamba.
Basi si umeme. Tangi nalo nimelimimina,
kutu imetoka kama majani ya chai,
nimetia petroli mpya.
Bado. Ukivuta choki inakohoa mara tatu,
ukiirudisha inakata roho.
Nikajua: ugonjwa uko kooni.

Saa kumi na moja alfajiri, Quriyat, mwezi wa Julai,
kabla jua halijafanya spana zisishikike,
nimetandika kanga ya Mama sakafuni
(maneno yake grisi imeyala, limebaki SISEMI)
na kila skrubu nimeilaza juu ya ua lake,
nisije nikabaki na moja mkononi nisijue kwao ni wapi.

Boya nikalitikisa sikioni: lina petroli tumboni.
Nikalizamisha katika maji ya moto,
likatoa povu moja. Nikangoja. La pili.
Tundu lenyewe hulioni kwa macho.
Nimeliziba kwa tone la risasi, kadiri ya punje ya dengu.

Jeti ndogo ilikuwa kipofu.
Nimeizibua kwa unywele wa shaba kutoka waya wa redio,
si kwa sindano; sindano hupanua,
na tundu la jeti likishapanuka halina toba.

Gundi niliitegemea. Petroli ikilala miaka
huacha gundi rangi ya asali, inanuka mlango uliopakwa vanishi.
Lakini chini ya gundi, chini kabisa ya bakuli,
tope.
Laini, la kijivu,
limepasukapasuka kama uso wa wadi kiangazi.

Thuwaini, ulituambia haikutoka bandani.
Uliapa mbele ya Baba, Gonu inang'oa mageti ya watu,
kuwa insulini imeletwa na mtu wa Land Cruiser, humjui jina,
na Honda imekufa yenyewe, kwa uzee.
Baba aliamini, maana alishakukataza.
Mama alimwombea yule mtu wa Land Cruiser
kila sala, mpaka tunamzika.

Tope halirukii kabureta.
Hufika huko maji yakimfika magotini
mtu aliyekaa juu ya siti.

Nimeosha. Nimerudisha skrubu, ua kwa ua.
Ya hewa nimeifunga mpaka mwisho,
kisha nikairudisha raundi moja na nusu.
Kiki ya tisa ikawaka.
Moshi, na mende wawili kutoka sailensa.
Nikakupigia huko Sohar, bila salamu,
nikaisogeza simu kwenye injini.

Ulisikiliza muda mrefu.
"Inakula mafuta mengi," ukasema.
"Fungua hewa robo raundi.
Hata siku ile ilikuwa hivyo hivyo."

Siku ipi, sikuuliza.
Niliinama na bisibisi,
nikafungua robo.